Miaka Niliyomsindikiza Lorna Tibbets

Kazi yangu ina jina la Kiingereza ambalo sikuweza kulitamka kanisani. Kwa Kiswahili ni neno safi tu, msindikizaji, lakini kwa Kiingereza neno hilo, escort, linabeba pia wanawake wanaolipwa kuongozana na wanaume usiku. Kwa hiyo akina mama wa ushirika waliponiuliza ninafanya nini mjini, nilijibu, "Niko kwa mambo ya vitabu," na kwa muda mrefu waliamini ninauza Biblia. Sasa nimestaafu. Neema, aliyechukua nafasi yangu, na ambaye huniita Auntie hata mbele ya wakubwa wa ofisi, amenisihi niandike yale ambayo hatafundishwa na mtu mwingine. Nilimuuliza niandike kwa lugha gani.

"Kiswahili, Auntie," akasema. "Kiingereza chako cha kazini kinaficha mambo."

Ni kweli. Kwa Kiingereza nilikuwa mtu asiyeogopa kitu. Hofu zangu zote nilizipata kwa Kiswahili, na nyingi zilitokana na mwandishi mmoja Mmarekani, Lorna Tibbets, na riwaya yake ya tatu.

Nilikuja Toronto kutoka Wundanyi nikimfuata mume wangu, Joshua, aliyekuwa masomoni. Nyumbani nilikuwa mwalimu wa darasa la nne. Hapa nilianza kwa kufungasha vitabu katika ghala la kampuni moja ya uchapishaji, baridi ikipenya hata soksi mbili. Siku moja Yvonne, mama wa Kitrinidadi aliyekuwa akiwapokea waandishi wageni, aliteleza kwenye barafu akavunjika mkono. Alihitaji mtu wa kumwendeshea gari. Alikuja ghalani, akatutazama sote, akauliza ni nani kati yetu anayevisoma vile vitabu badala ya kuvifungasha. Wenzangu walinyoosha vidole kwangu kama wanafunzi wanaomshtaki mwenzao.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Mwandishi anatua uwanja wa ndege, unampokea, unampeleka hotelini, redioni, madukani, maktabani, unahakikisha amekula, unamrudisha uwanjani akiwa na koti lake na simu yake. Yvonne alinifundisha yaliyobaki akiwa kwenye kiti cha abiria, mkono wake ukiwa ndani ya plasta. Maji ya kunywa yawe vuguvugu, maana ya baridi hufunga sauti. Usisifu kitabu ambacho hujakisoma. Usimuulize mwandishi anaandika nini sasa; ni sawa na kumuuliza bibi harusi mimba iko wapi. Beba pini, dawa ya kikohozi, kalamu nyingi kuliko akili inavyokutuma, na ndizi. "Huyu ni mtu aliyezoea kukaa peke yake chumbani," aliniambia. "Wewe unamtoa nje kama yai. Akipasuka, usimkasirikie yai."

Walipasuka wengi. Mmoja alijifungia chooni katika maktaba ya Lawrence Heights, watu wakisubiri vitini. Nilisimama nje ya mlango nikamsimulia jinsi nilivyowahi kufundisha hesabu za sehemu kwa kugawanya ndizi, na jinsi mtoto mmoja alivyokula swali zima. Alitoka akicheka, akasoma vizuri. Mwingine alisahau suruali yake ya heshima hotelini Montreal, akasoma mashairi akiwa amevaa ya Joshua. Hiyo suruali haikurudi.

Karibu wote waliogopa kitu kimoja, viti vitupu. Lorna hakujali viti vitupu. Mara ya kwanza nilipompeleka kusoma, kwa kitabu chake cha kwanza, walikuja watu wa kuhesabika kwa vidole, na mmoja wao aliingia kuota joto akalala. Lorna aliwasomea kama waliojaza ukumbi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye nywele za mvi kabla ya umri wake, na sauti ya chini iliyokulazimisha kumsogelea. Tulipomaliza nilimpeleka mtaa wa Thorncliffe Park tukala sambusa na chai ya maziwa. Hakunizungumzia kuhusu kitabu. Alisikiliza meza za jirani. Hata wakizungumza Kiurdu alisikiliza, akitazama nani anameza maneno na nani anamkata mwenzake.

Katika safari zake za baadaye nilipata kumjua kidogo kidogo, maana watu husema mengi ndani ya gari, hamtazamani. Alizaliwa katika mji mdogo wa kando ya mto, huko Ohio. Baba yake alikuwa fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto. Lorna mwenyewe alifundisha shule miaka mingi, akiandika riwaya zake ndani ya gari lililoegeshwa nje ya duka la kufulia nguo, mashine zikimfulia ndani. Mama yake hakumtaja kabisa, nami sikuuliza.

Kama hujasoma vitabu vyake, usidhani utakuta bunduki. Hakuna anayeuawa mbele ya macho yako. Kuna mume anayerudisha kikombe mezani polepole mno. Kuna mke anayesikia gari likiingia na kuanza kufuta meza iliyo safi. Nilikisoma kitabu chake cha pili kwenye treni, nikapitiliza kituo changu, na nilipofika nyumbani nilimtazama Joshua akiweka kikombe chake chini. Alikiweka kama anavyokiweka siku zote, kwa kelele, na chai ikamwagika. Nilimshukuru Mungu kwa mwanamume mwenye vurugu za namna hiyo.

Nilimuuliza Lorna anawatoa wapi watu hawa.

"Watu nawabuni," alisema. "Vyumba ndivyo naviiba."

Riwaya ya tatu ndiyo iliyomtoa kwenye kumbi za watu wachache. Inahusu mwanamke anayetoweka asubuhi moja. Mumewe anabaki katika nyumba yenye chumba cha jiko kilichopakwa rangi ya njano na dirisha lenye ufa uliozibwa kwa gundi, na majirani wanamletea vyakula kwa huruma. Kitabu kinaisha bila mke kupatikana. Msomaji anakifunga akiwa na hakika kwamba mume anajua, ila hakuna aliyesema. Watu walikasirika, wakakinunua, wakawanunulia na dada zao.

Alipokuja Toronto na kitabu hicho, ukumbi ulijaa hadi ngazini. Baada ya kusoma, mimi nilisimama kwenye foleni ya kusainiwa vitabu. Kazi ya msindikizaji hapo ni kumuuliza kila mtu jina, kuliandika kwenye kikaratasi cha kunata na kukibandika ndani ya kitabu, ili mwandishi asihangaike na herufi. Alinifikia mwanamume wa makamo, mnene kiasi, amevaa jaketi safi na viatu vilivyong'arishwa. Alikuwa na uso wa mtu anayekusaidia kubeba mizigo.

"Niandike jina gani?" nikamuuliza.

"Joanne," akasema.

Niliandika. Alipofika mezani alikiweka kitabu chini bila kuomba kisainiwe. Aliinama kidogo, akasema kwa upole, "Umemwandika mke wangu. Unajua yuko wapi?"

Lorna alidhani hakusikia vizuri. Yule mtu akarudia. Akasema anaitwa Dale, anatoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Marekani, na mkewe Joanne alitoweka kabla ya kitabu hiki kutoka. Jiko lake ni la njano. Dirisha lake lina ufa. "Uliingia lini nyumbani kwangu?" akauliza. Sauti yake haikupanda hata kidogo. Watu wa nyuma walidhani anasifu kitabu.

Lorna alisema, "Bwana, mimi nimebuni hadithi. Nakupa pole sana." Dale alimshukuru, akaondoka. Kitabu alikiacha pale mezani, na kikaratasi changu kimebandikwa ndani.

Kesho yake tulipotoka redioni alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara. Hakuvuka. Mchana nilimkuta ameketi hotelini kwa Lorna, karibu na lifti, anakunywa kahawa. Nilimpeleka Lorna juu kwa ngazi za jikoni, tukapita katikati ya sufuria na wapishi walioshangaa. Njia nzima nilikuwa nikitabasamu, kwa sababu yai halipaswi kujua kwamba unaogopa.

Kampuni iliwaita polisi. Mimi sikuwa na haraka ya kuwaita. Mtu mwenye rangi yangu hupenda kufikiri mara mbili kabla ya kuwaalika. Alikuja afisa kijana, mstaarabu.

"Amemtishia?" akauliza.

"Hapana," nikasema.

"Amemgusa?"

"Hapana."

"Basi amefanya nini?"

"Ameuliza swali."

Alinitazama kwa huruma. Akatwambia mwanamume huyo kweli mkewe amepotea, hajashtakiwa kwa lolote, na huzuni si kosa. Lorna aliondoka Toronto siku iliyofuata. Nilibaki naye hadi alipopita ukaguzi, jambo ambalo si la kawaida.

Nilidhani yamekwisha kwa upande wangu. Tulikuwa tukiishi Crescent Town, na Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nikirudi kutoka dukani na mfuko wa unga na sukuma wiki. Kutoka kituo cha treni kuna njia ya juu iliyofunikwa, mnapita wote kama mchanga kwenye shingo ya chupa. Dale alikuwa ameegemea ukuta wa njia hiyo. Akasogea, akatembea sambamba nami.

"Wewe ni Grace," akasema. "Acha nikusaidie mfuko."

"Si mzito," nikasema. Ulikuwa unanikata vidole.

"Wewe ndiye unayewauliza watu majina. Nilikuona. Una macho mazuri, unamtazama kila mtu." Alitoa picha mfukoni. Ilikuwa ya mwanamke mwenye nywele fupi na miwani, anacheka, amefunga aproni. "Unamkumbuka?"

Watu walikuwa wakitupita, akina mama wenye vigari vya watoto, vijana wenye mpira. Sijawahi kujiona niko peke yangu kama siku ile katikati ya umati. Nilitazama picha. "Simkumbuki," nikasema, na ilikuwa kweli.

"Tazama vizuri."

Nikatazama tena. Nilitamani kumkumbuka, kwa ajili yake, kwa sababu macho ya mtu huyu yalikuwa yamejaa maji. "Pole, bwana," nikasema. "Naona watu wengi. Huyu simkumbuki hata kidogo."

Aliirudisha picha mfukoni taratibu, akainyoosha kwa kiganja juu ya jaketi. "Asante," akasema. "Umenisaidia." Akageuka akaelekea kituoni.

Nilipofika nyumbani nilifunga mlango, nikaweka mnyororo, nikaegemeza na kiti. Joshua alikuwa akinyoosha mashati ya kanisani. Nilimweleza. Alizima pasi.

"Mama Mercy, acha hiyo kazi," akasema. "Hata kufungasha maboksi ilikuwa kazi."

"Nikiacha, atakuwa hajui tena ninapoishi?"

Binti yetu, Mercy, anaelewa kila neno la Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza. Kutoka chumbani kwake aliuliza kwa nini tusihame. Tulihama mwaka huohuo, tukawaambia watu ni kwa sababu ya lifti mbovu.

Nilimpigia Lorna simu nikamweleza kuhusu picha. Akaniambia lile ambalo hakuwahi kumwambia mtangazaji yeyote niliyempeleka kwake. Jiko la njano lilikuwa la mama yake. Asubuhi moja Lorna akiwa msichana mdogo, mama yake alimsuka nywele, akampeleka kwenye basi la shule, na Lorna aliporudi jioni hakumkuta. Baba yake alisema, "Ametuacha," na katika nyumba ile swali halikuulizwa tena. Hakujua mama yake yuko wapi, kama yu hai au amekufa, kama aliondoka kwa miguu yake au la. Ndiyo maana kitabu chake kiliisha vile. Hakuwa akiwachezea wasomaji. Hakuwa na mwisho mwingine.

"Maisha yangu yote nimekuwa nikiuliza aliko mtu," akasema. "Leo kuna mtu ananiuliza mimi. Siwezi kuendelea kumkimbia, Grace. Nitakutana naye."

Nilimwambia asithubutu. Kampuni ilimwambia asithubutu, kwa barua ya wakili. Lorna alikuwa na ukaidi wa watu wanyamavu, akamwita Dale. Alipokuja tena Toronto, mchana mmoja, tulipewa chumba cha mikutano cha maktaba, chumba chenye kuta za kioo, na mlinzi wa maktaba alisimama nje ambapo angetuona sote. Nilipanga viti mwenyewe. Dale nilimweka mbali na mlango, meza ikiwa katikati, na mtungi wa maji nikauweka upande wangu kwa kuwa ulikuwa wa glasi nene.

Alikuja na viatu vyake vilivyong'aa. Alitushika mikono. Wake ulikuwa na jasho, nikamwonea huruma.

Lorna alimweleza kila kitu. Alimweleza kuhusu jiko, basi la shule, baba yake aliyekataza swali. Sauti yake ilishuka hadi Dale akalazimika kuegemea mbele. "Mke wako sikumjua," akamwambia. "Nilikuwa namwandika mama yangu. Sijui aliko mke wako kwa sababu sijui hata aliko mama yangu."

"Joanne hakuwahi kukuandikia?" Dale akauliza.

"Hapana."

"Hakuwahi kukwambia jambo lolote? Kuhusu nyumbani?"

"Sikuwahi kumjua."

"Na polisi? Hawajakuuliza chochote kumhusu?"

"Hapana. Kwa nini waniulize mimi?"

Dale akashusha pumzi ndefu, mabega yake yakateremka kama ya mtu aliyetua mzigo wa kuni, na machozi yakamtoka. Lorna alinyoosha mkono juu ya meza akamshika. Mimi pia nililia. Mlinzi nje ya kioo aligeuza uso kwa heshima. Dale akasema, "Basi hakuna anayejua." Akasimama, akatushukuru, akaenda zake. Hatukumwona tena katika ukumbi wowote.

Kurudi hotelini Lorna alikuwa mwepesi, karibu achangamke. Alisema anahisi amefanya jambo moja la haki kwa kitabu kile. Mwaka ule aliandika haraka kuliko kawaida yake. Mimi niliacha kuegemeza kiti mlangoni.

Miaka ilipita. Yvonne alistaafu, akarudi Trinidad, akafa huko, na mimi ndiye nikawa mtu wa kuwafundisha wengine kuhusu maji vuguvugu. Nilisindikiza waandishi ambao sasa mnawasoma shuleni na wengine ambao hata wake zao hawakuwasoma. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu, niko jikoni nakaanga vitunguu, Lorna aliponipigia simu.

"Grace, kaa chini," akasema.

"Niambie tu nikiwa nimesimama."

"Wamempata Joanne. Alikuwa chini ya sakafu ya banda, nyuma ya nyumba yake. Wamemkamata Dale."

Nilizima jiko. Nilichokuwa nikikiona ni mabega yale yakiteremka, na Lorna akinyoosha mkono juu ya meza kumshika. Nilinawa mikono yangu, kisha nikanawa tena.

Dale hakubisha sana. Alikubali kosa, ikabaki kusomwa hukumu. Dada wa Joanne, mama mmoja aitwaye Bernice, alimwandikia Lorna akamwomba afike siku hiyo. Lorna alitaka kukataa. Tangu zile habari zilipotoka hakuwa ameandika hata sentensi, na hakuwa akitoka nyumbani ila kwa lazima; alisema kila akimwona mwanamume mpole anatafuta mahali pa kushika ukuta. Aliniuliza kama ningemsindikiza. Nilikuwa nimekwisha kustaafu, keki ya ofisini tumekwisha kuila. Joshua alinitazama nikipakia begi, akaenda akajaza mafuta gari. Mpakani afisa aliniuliza ninakwenda Marekani kwa shughuli gani. Nikamwambia nakwenda kumpa rafiki kampani.

Lorna alinikuta nje ya mahakama. Alikuwa amezeeka zaidi ya idadi ya miaka iliyopita. Tuliketi safu ya nyuma. Dale aliingizwa, akageuka kutazama waliofika, na macho yake yakatuangukia. Akatuinamia kichwa, salamu ya kawaida kabisa, kama watu waliowahi kunywa kahawa pamoja. Lorna alinishika mkono. Tulikaa hivyo hadi mwisho, na mwisho ulikuwa kifungo cha maisha.

Bernice alitupeleka kwenye mgahawa mdogo wa jirani. Alikuwa mwanamke mfupi, mfanyakazi wa benki, na alizungumza kama mtu aliyejiapiza kutolia hadharani.

"Nataka mjue jambo," akasema. "Jiko la Joanne halikuwa la njano. Lilikuwa jeupe siku zote. Na dirisha halikuwa na ufa."

Lorna alitua kikombe. "Lakini Dale alisema."

"Alisema kwa sababu kitabu kilisema. Alitaka uendelee kuongea." Bernice alikunja kitambaa chake cha mezani, akakikunjua. "Joanne alikupenda sana. Kitabu chako cha pili alikisoma mara nyingi. Kabla hajatoweka alipanda basi la akina mama wa kanisa letu, akaenda Toronto kukusikiliza. Dale hakutaka aende. Alirudi amefurahi, anasema umemtazama machoni. Baadaye akatoweka, na kisha wewe ukatoa kitabu kuhusu mke aliyetoweka. Dale amekiri kwa polisi kwamba alidhani Joanne alikwambia kitu siku ile. Alitaka kujua ni nini."

Kama Joanne alisimama kwenye foleni ya kusainiwa kile kitabu cha pili, basi mimi ndiye niliyemuuliza jina. Niliandika herufi zake, nikambandikia, nikamwambia asogee mbele. Nilipoonyeshwa picha yake ile Jumamosi, kama kumbukumbu ingenijia, kama ningefurahi na kusema ndiyo, huyu namkumbuka, alisimama muda mrefu akinong'ona na mwandishi, sijui kama ningefika nyumbani na ule unga. Dale alikuja kwangu kwa ajili ya jibu hilo. Macho yale yaliyojaa maji yalikuwa ya mtu anayepima.

"Je, alikwambia kitu?" Bernice akamuuliza Lorna.

Lorna alifumba macho akajaribu. Nilimwona akijaribu, uso wake umekunjamana kwa maumivu. "Sikumbuki," akasema. "Bernice, nisamehe. Nimemtazama machoni na sikumbuki."

Bernice aliitikia kwa kichwa. Kisha, bila kuombwa, alianza kumweleza Joanne alikuwa nani. Aliimba kanisani sauti ya pili na daima alikuwa nyuma ya wenzake kidogo, mwalimu wa kwaya alikata tamaa. Alikuwa akiogopa vipepeo, si nyoka. Alitengeneza mkate wa malimau na kukataa kumpa mtu siri yake, na baadaye ikajulikana siri ilikuwa nyuma ya pakiti ya unga. Tulicheka, sote watatu, na mhudumu akatutazama. Lorna alikuwa akisikiliza kwa namna niliyoijua tangu siku zile za Thorncliffe Park, mwili mzima. Alipojitambua alikaa wima kama aliyeshikwa akiiba.

"Sitamwandika," akamwambia Bernice. "Nakuahidi. Hakuna chochote cha hapa kitakachoingia kitabuni."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya yaliyotokea."

Bernice aliwaza, akitazama nje, ambako watu walikuwa wakitoka mahakamani na kuingia magarini mwao. "Mimi nataka umwandike," akasema. "Uimbaji wake, vipepeo wake. Mpe lile jiko jeupe. Ila safari hii apatikane."

Nikamsogezea Lorna maji.

"Naogopa," akasema.

"Hata mimi naogopa," Bernice akasema. "Nalala na taa. Andika tu."